Malalamiko Yaliyolala Kabatini

Wako watumishi wa umma wanaoamini kwamba ubaguzi ni jambo la maneno tu. Mtu akimtukana mwenzake kwa rangi yake, kabila lake au kisiwa alichozaliwa, hapo amebagua. Asipotukana, basi mikono yake ni safi. Laiti ingekuwa hivyo, kazi ya kuuondoa ubaguzi ingekuwa nyepesi. Mbaguzi hodari hatukani. Hukukaribisha kiti, hupokea karatasi yako kwa mikono miwili, huigonga muhuri, hukwambia uje wiki ijayo, na ukishatoka mlangoni hulitia lalamiko lako kabatini. Ukirudi wiki ijayo utaambiwa kuwa mkubwa amesafiri. Ukirudi mwezi ujao utaambiwa kuwa suala lako linashughulikiwa. Sisi tuliolelewa katika matawi ya Chama tunaijua vizuri barua yenye maneno hayo, kwa maana wengine kati yetu tumeipokea na wengine tumeiandika.

Leo nataka kuwaeleza wasomaji, na hasa wenzetu waliokalia viti vya Serikali, kisa cha kabati moja la namna hiyo. Kabati hilo halikuwa Unguja wala Pemba. Lilikuwa Washington, katika Wizara ya Kilimo ya taifa linalojigamba kwa wingi wa mahakama na mawakili wake. Nimechagua kisa cha mbali kwa makusudi. Mtu akielezwa jambo la jirani hutaka kwanza kujua nani amesemwa. Akielezwa la mbali hulisikiliza jambo lenyewe.

Wizara ya Kilimo ya Marekani iliundwa mwaka 1862, katika enzi za Rais Abraham Lincoln, ambaye mwenyewe aliita Wizara ya Wananchi, kwa kuwa Wamarekani wengi wa siku zile walikuwa wakulima. Miaka mitatu baadaye, Januari 1865, vita vya kukomesha utumwa vikielekea ukingoni, Jenerali William Sherman alitoa amri ya kuwatengea watu waliotoka utumwani visiwa vyote vilivyo kusini ya Charleston pamoja na mashamba ya mpunga yaliyokimbiwa na mabwana kando ya mito. Kila jamaa ilipaswa kupata kiwanja kisichozidi eka 40, na baadhi yao wakapewa na jeshi baghala wa kulimia. Wasomaji wa visiwa hivi, ambao wazee wao wengi walipewa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza furaha ya siku ile. Haikudumu. Kabla ya mwaka 1865 kwisha, Lincoln akiwa amekwisha kuuawa, Rais Andrew Johnson aliagiza ardhi ile irudishwe kwa waliokuwa mabwana wa watumwa.

Walakini watu weusi wa Marekani hawakukaa kuililia amri iliyofutwa. Waliinunua ardhi kwa jasho, eka moja baada ya nyingine, hata kufikia mwaka 1910 wakawa wanamiliki karibu eka milioni 16. Mwaka 1920 palikuwa na mashamba 925,000 yaliyokuwa mikononi mwa wakulima Weusi. Mwaka 1992 yalibaki yapata 18,000 tu.

Itakuwa si haki kuitwisha Wizara mzigo wote huo. Mamilioni walihamia miji ya kaskazini kutafuta kazi za viwandani. Mdudu wa pamba aliangamiza mazao ya kusini. Trekta likachukua kazi ya mikono mia. Na liko jambo lingine ambalo sisi watu wa pwani tunalielewa haraka kuliko wengine: mashamba mengi yalikuwa ya urithi usiogawanywa. Mzee alikufa bila ya wasia, watoto wakarithi pamoja, wajukuu wakarithi pamoja, na karatasi ya umiliki ikabaki na jina la marehemu wa miaka 60 iliyopita. Mkulima aliyekuwa akiilima ardhi hiyo kwa mikono yake hakuweza kuonyesha hati, na bila ya hati ofisi za Wizara hazikumtambua. Ilisubiriwa hadi sheria ya kilimo ya mwaka 2018 ndipo zikaruhusiwa hati za namna nyingine kukubaliwa. Hata wakulima Weupe nao walipungua katika karne hiyo. Lakini hawakupungua kwa kasi ile, na tofauti iliyobaki ndiyo inayotupeleka katika ofisi ya mikopo.

Kilimo cha pamba, karanga au mahindi katika majimbo ya kusini huendeshwa kwa mkopo wa msimu. Mkulima hukopa kabla ya kupanda ili anunue mbegu, mbolea na mafuta ya trekta, kisha hulipa baada ya mavuno. Benki ikimkatalia, huenda kwenye idara ya mikopo ya Wizara, ambayo iliwekwa mahsusi kwa ajili ya wale waliokataliwa kwingine. Kwa hiyo anayekataliwa hapo hana mlango mwingine wa kubisha. Na mkopo huo una wakati wake. Fedha ya mbegu za masika ikikufikia katika kipupwe haikusaidii kitu. Imekuwa deni bila ya shamba. Ofisa mwenye kutaka kumwangusha mkulima hana haja ya kukataa maombi yake. Anachotakiwa ni kuyachelewesha wiki sita.

Ndivyo ilivyofanyika. Jaji aliyelisikiliza shauri hili baadaye alieleza katika hukumu yake kwamba katika majimbo kadhaa ya kusini mashariki maombi ya mkulima Mweusi yalichukua, kwa wastani, muda mara tatu ya yale ya mkulima Mweupe. Wengine walinyimwa hata fomu, wakaambiwa zimekwisha. Wengine walikopeshwa, lakini fedha yao ikawekwa katika akaunti ambayo hawakuweza kutoa hata senti moja bila ya saini ya ofisa, kana kwamba ni watoto mayatima wenye walii. Chuoni tulihifadhishwa tungali wadogo sura inayowaonya wenye vipimo viwili, kimoja cha kupokelea na kingine cha kutolea. Ofisi hizi zilikuwa na vipimo viwili vya siku.

Na nani aliyeamua? Wilayani zilikuwako kamati za wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao. Ukiitazama kwa nje, utasema hakuna demokrasia iliyo safi zaidi. Jaji alieleza katika hukumu yake ya mwaka 1999 kwamba nchi nzima ilikuwa na wajumbe 8,147 wa kamati hizo, na kati yao Weusi walikuwa 37. Wakulima Weusi wakaipa Wizara ile jina lao wenyewe: shamba la mwisho la watumwa.

Sasa, mkulima aliyetendewa hivyo alikuwa na haki kisheria ya kulalamika. Palikuwa na ofisi ya haki za raia ndani ya Wizara yenyewe, iliyokuwa na anwani, wafanyakazi na bajeti. Mkulima aliandika barua yake, akaambatisha vielelezo vyake, akaituma. Asilolijua ni kwamba mwaka 1983, katika awamu ya kwanza ya Rais Ronald Reagan, ofisi hiyo ilivunjwa kivitendo na kazi ya uchunguzi ikakoma. Barua hazikukatazwa. Ziliendelea kupokewa. Ila hapakuwa tena na mtu wa kuzichunguza. Hukumu ya mwaka 1999 inaeleza, bila ya kupamba maneno, kwamba walalamikaji hawakujibiwa kabisa, au walijibiwa kwa mistari michache ya kuwakatalia. Kwamba baadhi ya malalamiko yalitupwa katika pipa la taka. Na kwamba hata pale ubaguzi ulipothibitishwa, mkulima hakupewa fidia yoyote. Hali hiyo iliendelea hadi miaka ya tisini.

Mwezi wa Disemba 1996, wakulima walipoandamana mbele ya Ikulu ya Marekani, Waziri Dan Glickman aliunda jopo la kuchunguza mambo. Jopo lilizunguka nchi likisikiliza watu, na mkaguzi wa ndani wa Wizara naye akapekua mafaili. Wakagundua kwamba hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni malalamiko mangapi yamo ofisini. Hapo ndipo ninapotaka wakuu wa idara zetu wasimame kidogo. Ofisi isiyojua idadi ya malalamiko yake haiwezi kushitakiwa kwa kuyachelewesha, kwani katika vitabu vyake hayapo. Masjala iliyovurugika ina faida kwa mtu fulani, na si kwa karani anayelaumiwa kila siku.

Ziko hila nyingine mbili ambazo ningependa zieleweke vizuri, kwa maana zinaweza kutokea katika ofisi yoyote chini ya jua.

Kwanza, malalamiko yaliyosomwa aghalabu yalirudishwa katika idara ile ile iliyolalamikiwa ili ifanye uchunguzi wa awali. Wazee wetu walisema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, na hawakuwa wamesoma sheria. Ofisa wa wilaya aliulizwa kama alimbagua mkulima fulani; akajibu hakumbagua; faili likafungwa. Na baada ya hapo mkulima huyo alipaswa kurudi kwa ofisa huyo huyo mwaka uliofuata kuomba mkopo.

Ya pili ni saa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayokataza ubaguzi katika mikopo ilimpa mtu miaka miwili ya kwenda mahakamani tangu siku ya tendo. Mkulima mwenye adabu, anayeiheshimu Serikali yake, alipeleka lalamiko Wizarani na kungoja majibu kabla ya kukimbilia mahakamani. Akangoja mwaka. Akangoja wa pili. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hapa iliumiza zaidi ya tumbo: siku aliyochoka na kumtafuta wakili, aliambiwa kwamba muda wake umekwisha. Serikali ilimwambia asubiri, na kisha Serikali hiyo hiyo ikamwambia amechelewa. Sijui kama lugha yetu ina neno la kutosha kwa kitendo hicho. Bunge la Marekani lenyewe liliona aibu, na mwezi wa Oktoba 1998 likapitisha sheria maalumu ya kuondoa ukomo huo kwa wale waliokuwa wamelalamika tangu mwaka 1981.

Wakati faili linalala, deni halilali. Riba ilihesabiwa kila siku, na mashamba ya watu ambao malalamiko yao hayajajibiwa yaliendelea kupigwa mnada hadi Wizara ilipositisha minada hiyo mwishoni mwa 1996.

Mfano mmoja uliandikwa sana, nao una mvuto wa pekee kwetu sisi tuliosoma siasa ya kujitegemea. Mwaka 1969, katika wilaya ya Lee, jimbo la Georgia, wanaharakati wa haki za raia, akiwamo Charles Sherrod na mkewe Shirley, walianzisha shamba la pamoja lililoitwa New Communities. Lilikuwa na karibu eka 6,000, ardhi ikiwa mali ya jumuiya na wanachama wakilima kwa ushirika. Ukame ulipowapiga waliomba mkopo wa dharura katika ofisi ya Wizara. Majirani zao Weupe walipata wa kwao. Wao walizungushwa kama pia kwa muda wa miaka mitatu, na Shirley Sherrod amesimulia hadharani jinsi ofisa alivyowaambia kwamba mkopo huo wataupata yeye akiwa maiti. Hatimaye ulikuja, lakini ukiwa umechelewa na umefungwa kwa masharti. Mwaka 1985 shamba lote lilitaifishwa na wadai. Mwaka 2009, yaani miaka 24 baadaye, msuluhishi aliamua kwamba walibaguliwa, wakapewa yapata dola milioni 12. Mwaka 2011 walinunua shamba lingine la eka zipatazo 1,600, ambalo zamani lilikuwa la bwana mwenye watumwa wengi. Wengi wa wale walioshika jembe mwaka 1969 walikuwa wamezeeka au wamekufa. Shirley Sherrod mwenyewe alipata kazi katika Wizara hiyo hiyo ya Kilimo, na Julai 2010 akalazimishwa kujiuzulu ndani ya siku moja kwa sababu ya kipande cha filamu kilichokatwa ili aonekane yeye ndiye mbaguzi. Ilipojulikana kuwa filamu ilichezewa, Waziri alimwomba radhi. Kumbe Wizara ile iliweza kwenda mbio ilipotaka.

Shauri lenyewe la wakulima lilifunguliwa Agosti 1997 na Timothy Pigford, mkulima wa North Carolina, pamoja na wenzake, dhidi ya Waziri Glickman. Jaji Paul Friedman aliidhinisha makubaliano mwezi wa Aprili 1999, na aliianza hukumu yake kwa kukumbusha ile ahadi ya eka 40 na baghala mmoja. Mkulima aliyechagua njia fupi alilipwa dola 50,000 akishinda, na deni lake kwa Wizara likafutwa. Aliyetaka fidia kubwa zaidi alipaswa kuthibitisha mbele ya msuluhishi kwa ushahidi mzito. Yapata madai 22,000 yalipokelewa katika muda uliowekwa, na karibu 15,600 yalishinda. Zaidi ya dola bilioni moja zilitoka.

Kwa karatasi ni ushindi, na sitaki kuudharau. Lakini hata katika njia ile fupi mdai alipaswa kumtaja kwa jina mkulima Mweupe wa hali kama yake ambaye alitendewa vizuri zaidi. Majina hayo na mikopo yao yalikuwamo katika mafaili ya nani? Ya Wizara. Mkulima aliyekuwa na jirani msemaji alishinda, na aliyeishi peke yake mwisho wa njia alishindwa, ingawa wote wawili walidhulumiwa kwa namna moja. Isitoshe, tangazo la kuwaita wadai halikuwafikia wengi kwa wakati. Watu zaidi ya 60,000 walijitokeza baada ya tarehe ya mwisho, na wachache mno kati yao walifunguliwa mlango. Malalamiko ya kucheleweshwa yakakataliwa kwa sababu yamechelewa.

Kilichofuata nitakipitia kwa haraka. Mwaka 2008 Bunge liliwaruhusu waliochelewa wadai upya. Mwaka 2010 zilitengwa dola bilioni 1.25 kwa ajili yao, Rais Barack Obama akatia saini mwezi wa Disemba, na malipo yakaanza kutoka mwaka 2013. Warithi waliruhusiwa kudai kwa niaba ya wazee waliokwisha kufa. Wahindi Wekundu, waliokuwa wamefungua shauri la kwao mwaka 1999, walisuluhishwa mwaka huo wa 2010 kwa dola milioni 760. Palizuka pia maneno kwamba baadhi ya madai yalikuwa ya uongo, na si ajabu yalikuwamo: panapogawiwa fedha bila ya mafaili, mwongo na mkweli husimama mstari mmoja. Wanaopiga kelele juu ya waongo hao wangeuliza kwanza mafaili yalikwenda wapi. Na wakati haya yote yakiendelea, wakaguzi wa Bunge walichunguza ofisi ya malalamiko mwaka 2008 na kukuta kwamba bado takwimu zake hazilingani, hata zile zilizopelekwa Bungeni zikitofautiana na zile zilizomo ofisini.

Msomaji ataniuliza haya yanatuhusu nini. Nasi tunazo taratibu zetu. Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, mapema kuliko nchi nyingi, ili mwananchi mnyonge apate pa kumshitakia ofisa. Na baadaye ikaja Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kuwa na chombo ni jambo jema. Wamarekani nao walikuwa na chombo. Kinachotakiwa kuulizwa ni mambo madogo ya ofisini ambayo hakuna mgeni rasmi anayeyakagua siku ya sherehe: lalamiko lina namba? Mlalamikaji anayo namba hiyo mkononi, au inakaa kwa karani peke yake? Tarehe ya kupokelewa imegongwa siku ile ile au siku faili lilipopatikana? Anayechunguza anakula meza moja na anayechunguzwa? Na lile la zamani kuliko yote lililomo masjalani, ni la mwaka gani? Mkurugenzi asiyeweza kulijibu swali hili la mwisho kabla ya saa sita za mchana atume mtu akafungue kabati.

Huko Marekani mambo hayajatulia. Mwaka 2021 Bunge lilitenga karibu dola bilioni 4 za kuwafutia madeni wakulima wa makundi yaliyobaguliwa. Wakulima Weupe walikwenda mahakamani kudai kwamba sasa ni wao wanaobaguliwa, mahakama zikasimamisha malipo, na mwaka 2022 kifungu hicho kikafutwa. Badala yake zilitengwa dola bilioni 2.2 kwa mkulima yeyote, wa rangi yoyote, atakayeonyesha kuwa alibaguliwa na Wizara. Mwishoni mwa Julai 2024 watu zaidi ya 43,000 walipata sehemu zao. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Julai 2025, Wizara chini ya utawala mwingine ilitangaza kwamba haitatumia tena rangi wala jinsia kama kigezo katika mipango yake.

Na ile sheria ya mikopo ya mwaka 1974, nayo ilirekebishwa. Kwa marekebisho ya 2010 mtu aliyenyimwa mkopo kwa ubaguzi ana miaka mitano ya kwenda mahakamani badala ya miwili. Inahesabiwa, kama zamani, tangu siku aliyonyimwa, hata kama lalamiko lake bado limo kabatini.